Klachi Iliyoungua Mara Tatu

Ukipita Igoma leo ukauliza nani fundi wa klachi, watakuelekeza kwa Antoni. Ukimtaja Kashindye watacheka kidogo, halafu watakwambia, "Yule ni mzee mzuri, lakini klachi awaachie wenzake." Mimi nikisikia hivyo damu inanichemka, na bado naguna tu. Mimi, Agutu, Mama Favour, muuza spea, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki! Ninyi mnaonisikiliza hamumjui tajiri Venant, wala hamtavuka maji kwenda kumwambia, ndiyo maana nawasimulia.

Duka langu linatazamana na gereji ya Kashindye. Miaka kumi na miwili nimemwona zaidi kuliko mke wake alivyomwona. Ni Msukuma wa Magu, mrefu, mpole, mtu wa kukujibu neno moja pale unapotegemea kumi. Mashine ikiletwa, wenzake wanakimbilia spana. Yeye anamwambia mwenyewe awashe, halafu anafumba macho na kusikiliza. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimtania, "Mzee, unasali?" Hajibu. Akifumbua macho anakutajia ugonjwa, na ukifungua unaukuta palepale.

Jambo moja tu lilikuwa likimtoa katika upole wake, nalo ni pleti za klachi. Pleti mpya lazima zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa, zinywe mpaka zishibe. Mafundi wengi wanazipaka juujuu kwa kidole, basi. Kashindye alikuwa anaziloweka usiku kucha ndani ya kopo la majarini, na kama una haraka shauri yako. "Mzee, mimi niko kazini, abiria wananisubiri!" "Kalale. Njoo asubuhi." Siku moja alimwona Antoni anafunga pleti kavu, akavuka barabara na kumwambia mbele ya mteja wake, "Antoni, hizo zitaungua, na mtu huyu atakulaani kwa haki." Antoni hakusahau. Nani angesahau?

Sasa, mwaka juzi kabla ya mvua za vuli, ikaletwa kwenye lori la kanta pikipiki ya magurudumu manne, zile pana ambazo watalii wanapandia milima. Mwenyewe alikuwa tajiri Venant, mwenye mitumbwi sita kwenye mwalo mmoja, pale samaki wanaposhushwa, ng'ambo ya ziwa, mbele kidogo ya Kamanga. Aliinunua kwenye hoteli iliyofungwa kule Ilemela. Hakutaka kutalii nayo. Alitaka ivute mitumbwi kutoka majini mpaka nchi kavu, na Okeyo, dereva wake, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Na klachi ilikuwa imekwisha kabisa. Unakanyaga gia, unaachia mkono wa klachi, injini inapiga kelele kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, na matairi yametulia.

Kashindye akafungua kava la pembeni, akatoa pleti nyeusi tii, zinanuka kuungua mpaka dukani kwangu. Nikamuuzia mpya. Akaloweka, asubuhi akafunga, ikaondoka vizuri.

Baada ya miezi miwili ikarudi. Pleti nyeusi tii. Kashindye akazigeuzageuza mkononi, akaniangalia. Nikamwambia, "Usiniangalie hivyo, mimi siuzi feki!" Akasema, "Najua." Akaloweka tena, akafunga tena, akabadilisha na springi zake. Haikumaliza miezi miwili. Safari hii Venant hakuileta. Alimpigia Kashindye simu, na simu yake niliisikia mimi nikiwa upande wa pili wa barabara. Kwamba Igoma tumejaa matapeli. Kwamba ama Mama Favour anauza takataka, ama Kashindye hajui kazi, na kwamba wenye mialo wote wanasubiri kusikia ni yupi, wamseme.

Yawa! Duka lile limenisomeshea watoto wawili. Nikamwambia Kashindye, "Kesho tunavuka, mimi na wewe. Nataka kumwona huyo mtu usoni." Akasema, "Hata mimi nataka kuvuka. Klachi haiungui bure. Nataka kuisikia ikiwa kazini." Usiku ule akaloweka pleti mpya kwenye kopo lake, akalifunika, na asubuhi tukapanda feri, yeye amelipakata lile kopo mapajani njia nzima, mimi nikiwa nimeyapanga matusi yangu kwa mpangilio.

Tulipofika mwaloni Venant alikuwa kwenye mizani, juu kule, anapima samaki na wanunuzi. Akatupungia mkono tuanze, atakuja. Okeyo tukamkuta pembeni ya mashine, mtu wa makamo, Mjaluo mwenzangu kutoka Shirati, macho mekundu ya moshi na jua. Akatusalimia kwa adabu. Mashine ilikuwa bado ina nguvu kidogo, klachi haijafa kabisa, na mtumbwi mmoja mkubwa ulikuwa unangoja kuvutwa. Kashindye akamwambia, "Usibadilishe chochote. Fanya kama kila siku."

Basi tukaona. Magogo yamelazwa kwenye mchanga ili mtumbwi uteleze juu yake. Kamba imefungwa nyuma ya mashine. Na pembeni ya mtumbwi, wanne huku na wanne kule, wavutaji wanane: wanawake watano na wazee watatu. Wa mbele kati yao ni mama mmoja mzee, mwembamba, kilemba cheupe, anaitwa Ng'washi. Huyo ndiye anayeita wimbo. Anaita kwa Kisukuma, wenzake wanaitikia, na kwenye kuitikia ndipo wanasukuma, mtumbwi unapanda hatua moja. Kimya. Anaita tena. Wanaitikia, hatua nyingine. Na Okeyo juu ya mashine anawafuata. Wakiitikia, anaachia mkono wa klachi nusu tu, injini inanguruma, moshi unafuka, halafu anaubana tena.

Mimi niliona kazi nzuri ya watu na mashine, na nikaufurahia ule wimbo, nisiseme uongo. Kashindye alikuwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha na mtumbwi umefika juu, kijana mmoja wa mizani akaja na ndoo, kila mvutaji akapewa samaki wake wawili watatu. Wanaiita mboga ya kamba. Ukivuta unakula, usipovuta huna. Ng'washi akafunga wake kwenye kanga akatupita. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibuni," akasema, huku anahema.

Kashindye akamsogelea Okeyo, akasema taratibu, "Wewe unajua kuendesha."

"Najua, fundi."

"Mtu anayejua hakai nusu klachi, pleti zinasuguana mpaka zinaungua. Wewe unakaa nusu klachi kila wanapoitikia, na unafanya makusudi."

Okeyo akatazama kule kwenye mizani. Kisha akatuambia, na alituambia kwa haraka, kama mtu aliyebeba mzigo muda mrefu na amepata pa kuutua. Siku tajiri alipoileta mashine kutoka hotelini, klachi ikiwa bado nzima, yeye Okeyo aliijaribu alfajiri peke yake. Akaufunga mtumbwi mkubwa kuliko yote, akaweka magogo, gia ya kwanza, akaachia. Ukapanda wenyewe mpaka juu. Hakuna mtu, hakuna wimbo. Akaukalia pale juu akiuangalia, halafu akauachia urudi majini. Tajiri alipokuja kuuliza, akamwambia, "Inasaidia, lakini bila watu haiwezi." Tajiri akataka kuona, naye akamwonyesha: nusu klachi, injini ikapiga kelele, mtumbwi haukutikisika.

"Aliinunua ili aachane na wale wanane," Okeyo akasema. "Sasa hivi samaki wenyewe hakuna, mnajua. Tajiri si mtu mbaya, anabana kila anapoweza kubana. Lakini wale wakiondoka hapa wanakwenda wapi? Ng'washi ana wajukuu watatu, wanaye yeye tu. Yule mzee mwenye kofia hana mtu kabisa. Kila siku wanachopika ni hicho kilichomo kwenye kanga."

Mimi mdomo uliniwahi. Nikamrukia kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili na Kashindye asikie. "Kwa hiyo miezi yote hii unachoma pleti zangu? Unachoma na jina la huyu mtu? Sisi tunaitwa matapeli ng'ambo nzima ili wewe uwe mwema?" Okeyo akainamisha kichwa. Akasema, "Nilijua ni kosa, dada. Sikujua njia nyingine."

Kashindye akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashangaa. Hakumgombeza. Alianza kumfundisha.

"Unachoma bure," akasema. "Ukitaka ishindwe, anza na gia ya tatu, achia mkono wote mara moja. Itazima palepale. Atakayeangalia ataona imeshindwa, na klachi haipati joto. Watu wakishautoa mtumbwi kwenye maji, ukiwa unatembea, weka ya kwanza na uachie mkono wote. Usibakize nusu hata kidogo. Nusu ndiyo inayoua."

Okeyo akarudia, "Ya tatu, wote mara moja. Ya kwanza wakishautoa, wote."

"Hivyo hivyo."

Na hapo Venant akafika. Mtu mfupi, mnene, kitambaa cha jasho begani, uso umechoka. Wavutaji walikuwa wamekaa chini hatua chache kutoka hapo, wanaparua samaki, na wanunuzi wawili watatu walimfuata kusikiliza. Hakusalimia sana. Akasema, "Haya. Mmeona. Nataka neno moja tu. Ni spea, ni fundi, au ni dereva? Kama ni spea, huyu mama asiuze tena kitu chochote ng'ambo hii. Kama ni dereva, Okeyo leo hii anashuka, na kuanzia kesho naendesha mwenyewe. Siwezi kununua klachi kama nanunua sukari."

Aliposema "naendesha mwenyewe" nilimwona Okeyo anageuka kuwatazama wavutaji. Hata mimi niliyekuwa na hasira nilielewa. Venant akikaa juu ya ile mashine asubuhi moja tu, akaweka gia ya kwanza akaachia, atajua. Na akijua, wale wanane hawana kazi.

Lakini, jamani, na mimi ni binadamu. Duka langu lilikuwa limewekwa mezani mbele ya watu. Nikafungua mdomo. Nilikuwa naanza kusema, "Tajiri, muulize huyu dereva wako," na neno la kwanza lilishatoka.

Kashindye akalikata. "Ni mimi," akasema.

Venant akamgeukia. "Wewe nini?"

"Spea za Mama Favour ni nzima. Dereva wako anaendesha vizuri, nimemsikiliza. Kosa ni langu. Mara zote mbili nilikuwa na haraka, nikafunga pleti kavu. Sikuziloweka."

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji. Yule mtu anayelala akifikiria oili! Yule aliyemwaibisha Antoni mbele ya mteja wake kwa kosa hilohilo! Alilichagua lile moja ambalo kila fundi wa Igoma angelisikia na kulicheka mpaka akae chini.

Nadhani Venant alitegemea ubishi. "Mzee mzima," akasema, "umenipotezea miezi minne kwa uvivu."

"Ndiyo," Kashindye akasema. "Nisamehe."

"Hizo kwenye kopo ni nini?"

"Pleti mpya. Hizi zimelowekwa."

"Ziache hapo. Usiguse mashine yangu tena. Nitamwita Antoni."

Kashindye akaliweka lile kopo juu ya kiti cha mashine, akahakikisha mfuniko umekaa, akamuaga Okeyo kwa mkono, tukaondoka. Nyuma yetu niliwasikia wanunuzi wanacheka. Ng'washi alikuwa ameacha kuparua samaki, anatutazama tunavyopanda. Sijui kama alijua lolote. Sidhani.

Kwenye feri nililipuka. Watu walituangalia wakadhani ni mume na mke. "Njia ya mwongo ni fupi!" nikamwambia. "Kwa nini hukuniacha nimwambie ukweli?"

"Ungemwambia."

"Ndiyo, ningemwambia!"

"Halafu?"

Nilitazama maji. Nilijaribu kumchukia Venant, nikashindwa, maana na yeye ana watoto shuleni na mitumbwi inarudi nusu tupu. Nilijaribu kumchukia Okeyo, nikamwona amekaa juu ya ule mtumbwi alfajiri, peke yake, anafikiri. Ndipo nikaona alichofanya Kashindye pale. Kila mtu alikuwa kwenye hatari: mimi na duka langu, Okeyo na kazi yake, wale wanane na chungu chao. Alitufunika wote, akabaki nje yeye peke yake. Nikanyamaza mpaka tunashuka, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Antoni akavuka, akazikuta pleti zimeshalowekwa, zimeshiba vizuri, akafungua boliti, akaziweka, akafunga boliti. Saa mbili tu. Na Okeyo akaanza kuendesha kwa gia ya tatu na ya kwanza kama alivyofundishwa. Miezi miwili ikapita klachi nzima. Minne, nzima. Mwaka, nzima! Venant akamsifu Antoni mwalo hadi mwalo, na Antoni kwa kuwa si mtu wa kukataa sifa akaandika kwenye kibao chake kwa rangi nyekundu: BINGWA WA KLACHI. Habari ya Kashindye na pleti kavu nayo ikavuka ziwa kabla ya sisi kufika nyumbani. Wateja wa klachi wakamhama. Sasa hivi anashughulika na breki, matairi, na waya za taa. Vijana wanapita wakipiga kelele, "Mzee, umeloweka?" Anainua mkono kama mtu aliyesalimiwa.

Mwezi uliopita Venant alikuja dukani kwangu mwenyewe, kutafuta tairi. Alikuwa na furaha, akaniambia kwa sauti ya mnada, "Mama Favour, unaona? Pleti zako zilezile, mashine ileile, dereva yuleyule! Kilichobadilika ni fundi tu. Sasa Antoni, yule ni fundi. Huyu wenu ana mikono tu." Na Kashindye yuko palepale ng'ambo ya barabara, amechuchumaa kwenye gurudumu la bajaji, anasikia kila neno.

Maneno yalinijaa mdomoni. Yote. Gia ya tatu, kopo la majarini, mtumbwi wa alfajiri. Nilishika kingo za kaunta kwa mikono miwili. Nikamfungia tairi lake kamba, nikasema, "Karibu tena, tajiri."

Alipoondoka nikavuka barabara. Nikamwambia, "Kashindye, niambie kweli. Haikuumi?"

Akafikiri, kama anavyofikiri akiulizwa ubovu wa injini. "Inauma, Mama Favour," akasema. "Kila siku inauma."

Akafuta mikono kwenye kitambaa, akaniuliza, "Jumamosi ulikwenda ng'ambo kuchukua dagaa?"

"Nilikwenda."

"Walikuwa wanavuta?"

"Walikuwa wanavuta."

"Wangapi?"

"Wanane," nikasema. "Wote wanane. Ng'washi bado ndiye anayeita."

Akatikisa kichwa kukubali, akageuka, akaendelea kukaza nati za lile gurudumu. Mimi nilirudi dukani nikaingia nyuma ya mashelfu, nikalia.